AC ya dirishani Kariakoo: funga breketi kwanza

Maghorofa ya zamani ya Kariakoo, Kisutu na Upanga bado yana AC za dirishani. Chini yake kuna machinga na wapita njia. AC ikichomoka ghorofa ya tatu, nani atawahi kusogea?

AC hizi ni nzito. Ya BTU 9,000 inaweza kufika kilo 30, na ya BTU 18,000 ikapita kilo 50. Tena kompresa, ambayo ndiyo nzito zaidi, hukaa nyuma, kwa hiyo mzigo wote unavutia nje. Fremu ya mbao iliyooza au alumini nyembamba haiwezi kuubeba.

Kazi hiyo ni ya breketi, yaani chuma cha pembetatu kinachokaa chini ya AC kwa nje na kupeleka uzito ukutani. Fundi aifunge kwenye zege au tofali gumu kwa bolti ndefu. Plasta haishiki kitu. Kama tofali lina matundu, bolti itokeze upande wa ndani na ifungwe kwa nati na bamba la chuma. Dar ni pwani, chumvi ya hewani inakula chuma haraka, kwa hiyo chukua breketi iliyopakwa zinki na ikague kutu kila mwaka.

Siku ya kazi, weka mtu chini azuie watu kupita. AC ibebwe na wawili. Iinamishwe kidogo nyuma, maji yadondoke nje. Umeme uwe na laini yake, siyo ekstensheni ya dukani.