Kuba ya Mtaa wa Wolmarans

Katika Mtaa wa Wolmarans, ukingoni mwa Hillbrow jijini Johannesburg, limesimama jengo lenye kuba kubwa ambalo nasaba yake ya usanifu inarudi hadi Bizanti. Lilifunguliwa mwaka 1914 likiwa Sinagogi Kuu ya jiji. Wengi wa Wayahudi wa Johannesburg walikuwa na asili ya Lithuania, na walivutwa na mji uliochipuka baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Msanifu wake, Theophile Schaerer, alichukua Hagia Sophia ya Istanbul kuwa kielelezo.

Uteuzi huo unastahili kutafakariwa. Mwaka 1914 Hagia Sophia haikuwa kanisa wala jumba la makumbusho. Ilikuwa msikiti, kama ilivyokuwa tangu 1453. Watu waliotoka katika dola ya Urusi, iliyowabana Wayahudi kwa sheria zake, waliazima umbo la kanisa la Justiniani kutoka katika jengo ambamo Waislamu walikuwa wakiswali. Kabla hata ya kufika Johannesburg, kuba hiyo ilikwisha kutoka mikononi mwa dini moja.

Historia ya Hagia Sophia yenyewe inaonyesha jinsi jengo la namna hiyo linavyodumu. Lilijengwa kati ya 532 na 537. Kuba ikaanguka mwaka 558, ikainuliwa upya. Waosmani waliongeza minara, na katika karne ya 16 Sinan akaimarisha jengo kwa nguzo egemezi. Lipu iliyoficha mozaiki za Kikristo ilisaidia pia kuhifadhi baadhi yake. Ndugu Fossati, waliotumwa na Sultani Abdülmecid, walizifunua kati ya 1847 na 1849, wakazichora, kisha wakazifunika tena. Mwenyeji mpya alibadili sura ya nyumba, lakini ndiye aliyeizuia isianguke.

Sinagogi ya Wolmarans haikutekwa. Waumini wake walihamia vitongoji vya kaskazini, ikafungwa mwaka 1994, na nyingine ikajengwa Houghton kwa kufuata umbo lake. Baadaye jengo la zamani likawa kanisa la Kikristo. Sheria ya Urithi wa Taifa Na. 25 ya 1999 inakataza kubomoa au kubadili jengo lenye umri unaozidi miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya mkoa. Sheria hiyo hulinda kuta, lakini haizibi paa linalovuja wala haiwarudishi walioondoka.

Wasomaji wa pwani hawatalishangaa jambo hili. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, na mabaki yake yakaingia katika ukuta wa ngome. Tofauti ni kwamba pale kanisa lilimezwa, ilhali Johannesburg nyumba nzima imebaki wima.

Ndiyo maana hoja ya kwamba jengo lirudishwe katika hali yake ya asili ni dhaifu. Asili ipi: ya Justiniani, ya Schaerer, au ya wanaoimba humo leo? Uhifadhi ulio mwaminifu ungeandika tabaka zote tatu, kumbukumbu za Wayahudi zikiwemo, na kuwasaidia wanaolitumia jengo sasa kulitunza. Wasipolitunza wao, kibali cha serikali kitabaki kulinda gofu.