Miisho Miwili ya Shamba la Wanyama

Katika shule yangu hapa Bukhayo, wanachama wa Chama cha Kiswahili walisoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Baadaye tuliitazama filamu ya vibonzo iliyotokana na riwaya hiyo ya George Orwell. Niliporudi darasani niliwauliza: Je, mwisho wa riwaya hii unaafiki maudhui yake? Zaidi ya nusu waliandika kwamba nguruwe walipinduliwa. Niliwapa sufuri, nao wakanung'unika. Makala haya yanatokana na manung'uniko hayo.

Orwell alichapisha riwaya yake Agosti 1945, akafariki Januari 1950. Haki za filamu zilinunuliwa kutoka kwa mjane wake, Sonia, na kazi ya uchoraji ikapewa John Halas na mkewe, Joy Batchelor, nchini Uingereza. Filamu ilitoka mwishoni mwa 1954. Sauti za wanyama wote ni za mwigizaji mmoja, Maurice Denham. Jambo ambalo watazamaji wa wakati huo hawakuambiwa ni kwamba fedha zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kupitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont. Hiyo ilikuwa enzi ya Vita Baridi.

Mwalimu mwenzangu anajua riwaya inavyokoma: wanyama wanachungulia dirishani, wanatazama nguruwe na binadamu, wasiweze kuwatofautisha. Mwisho huo haukuwafaa wafadhili. Unawasuta nguruwe, lakini unamsuta bepari pia, na hakuna anayeokolewa. Kwa hiyo katika filamu wanaochunguliwa ni nguruwe peke yao, ambao nyuso zao zinageuka kuwa kama ya Jones. Kisha punda Benjamin anaongoza maasi, wanyama wa mashamba mengine wanakuja kusaidia, na Napoleon anaangushwa. Tashtiti ni ile ile kwa zaidi ya saa nzima, lakini dakika chache za mwisho zinageuza ujumbe wote. Mtahiniwa anayejibu swali la riwaya kwa kutegemea filamu anaijadili kazi nyingine kabisa.

Nilipokwisha kueleza hayo, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama. "Lakini mwalimu, Amin si alipinduliwa?"

Hapa mpakani swali hilo halipuuziki. Amin alitwaa mamlaka Januari 1971, na katika miaka iliyofuata Waganda wengi walivuka kukimbilia upande wetu. Jamaa za wanafunzi wangu wako Busia zote mbili. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala. Wanyama wa mashamba mengine walikuja kweli! Nilikiri kwamba historia ilikuwa upande wake. Mvulana aliyeketi nyuma ndiye aliyemjibu: baada ya Amin alirudi Obote, kupitia uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa sana, na kabla ya miezi mitatu kupita vita vya msituni vilikuwa vimeanza. Kwake yeye, mwisho wa Orwell ulifika baada ya mwisho wa filamu.

Sikuwa nimeufikiria mfululizo huo, na sidhani kwamba mwongozo wowote wa wanafunzi unaugusia. Nilichoongeza ni mfano wa Kenya: mwaka 1991 maonyesho ya tamthilia iliyotokana na riwaya hii yalipigwa marufuku. Khurafa, ambayo tunazoea kuiweka chini ya fasihi ya watoto, ilikuwa imewatia watawala wasiwasi.

Alama sikuzibadilisha, kwa kuwa swali lilitaja riwaya. Ila sasa nimeligawa swali lenyewe mara mbili: (a) Eleza jinsi riwaya inavyokamilika. (b) Filamu imeubadilisha mwisho huo kwa faida ya nani? Sehemu ya pili ndiyo wanayoanza kuijibu.