Jiwe la Shinkolobwe na Mafumbo ya Kwanta

Kuna elimu moja ambayo wengi wetu tunaisikia kwa jina tu, na jina lenyewe latutisha: elimu ya kwanta. Wengine wanasema ni mambo ya wataalamu wa Ulaya na Marekani, hayatuhusu sisi wa Kisangani. Wengine tena, na hao ndio hatari zaidi, wanalishika neno hilo na kulitia katika mahubiri yao: mara wanasema elimu hiyo imethibitisha miujiza, mara wanasema imethibitisha uchawi. Katekista akiulizwa na wakristu wake, atajibu nini? Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza habari hiyo toka mwanzo, kwa kufuata miaka. Na tutaona kwamba jambo hilo si la mbali, maana jiwe lililoonyesha fumbo lake moja kubwa lilichimbwa katika inchi yetu.

I. Kwanta ni nini?

Mpaka mwisho wa karne ya 19 wataalamu wa fizika walisadiki kwamba nguvu ya mwanga na ya joto inakwenda kama maji ya mto, mfululizo, bila kukatika. Lakini hesabu moja iliwashinda: hesabu ya mwanga unaotoka katika kitu chenye joto kali, kama chuma katika moto wa mhunzi. Kadiri ya hesabu za zamani, chuma hicho kingetoa nguvu isiyo na mwisho. Na kila mhunzi anajua kwamba sivyo. Tarehe 14 Desemba 1900, huko Berlin, Max Planck alitoa jibu lake. Nguvu haitoki kama maji, inatoka vipande vipande, kama chumvi inayopimwa sokoni kwa kopo: kopo moja, makopo mawili, si kopo moja na robo. Kipande kimoja cha namna hiyo ndicho kwanta.

Mwaka 1905 Albert Einstein alisema kwamba mwanga wenyewe ni vipande. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni katika atomu ina ngazi zake. Yaweza kuwa juu ya kidato hiki au kile, lakini si katikati. Kiisha, mwaka 1924, Louis de Broglie wa Ufaransa aligeuza neno: ikiwa mwanga, ambao ni wimbi, ni vipande pia, basi elektroni, ambayo ni chembe, lazima iwe wimbi pia. Mwaka 1927 Davisson na Germer, huko Marekani, walipiga elektroni juu ya nikeli wakaona alama za mawimbi. De Broglie alikuwa amesema kweli.

Hapo ndipo fumbo la kwanza. Tazama mawimbi ya mto yanayopita katika nafasi mbili kati ya miti ya Wagenia kwenye maporomoko. Mawimbi mawili yakikutana, mahali pengine maji yanapanda zaidi, mahali pengine yanatulia kabisa. Sasa pitisha elektroni katika matundu mawili madogo sana, moja moja. Kila moja inafika upande wa pili kama nukta moja tu, si kama wimbi. Lakini nukta zikiwa elfu na elfu, zinajipanga kwa mistari, kama mawimbi mawili yaliyokutana. Je, kila elektroni imepita tundu gani? Ukiweka chombo kusudi ujue, unajua. Lakini mistari inapotea! Elektroni inayoulizwa njia yake inajibu kama chembe. Isiyoulizwa inakwenda kama wimbi.

II. Mkutano wa Brussels, 1927

Tajiri mmoja wa Ubelgiji, Ernest Solvay, alikuwa ameanzisha mikutano ya wataalamu wa fizika mjini Brussels. Wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Ule wa tano, wa Oktoba 1927, ndio wenye sifa kuliko yote. Walikaa wataalamu 29, kati yao mwanamke mmoja tu, Marie Curie. Walikuwapo Planck, Einstein, Bohr, de Broglie, Schrödinger, na kijana Werner Heisenberg, ambaye mwaka ule ule alikuwa ameonyesha kwamba haiwezekani kujua kwa usahihi kamili mahali chembe ilipo pamoja na mwendo wake. Ukizidi kujua kimoja, unapungukiwa na kingine.

Bohr na Einstein walibishana sana. Bohr alisema: elimu hii inatupa uwezekano wa mambo, na zaidi ya uwezekano huo hakuna cha kutafuta. Einstein hakukubali, alisema hawezi kusadiki kwamba Mungu anacheza kete na dunia. Wahubiri wanapenda kutaja neno hilo. Lakini tuangalie: kwa jina la Mungu Einstein alitaja utaratibu wa vitu vyote, wala hakusadiki Mungu anayejishughulisha na matendo ya watu. Si vizuri kumfanya shahidi wa imani ambayo hakuwa nayo.

III. Jiwe la Katanga

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1915 uraniumu ilionekana Shinkolobwe, katika Katanga. Mawe yale yalikuwa na uraniumu nyingi kuliko karibu mawe yote yaliyojulikana duniani. Kampani ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiumu yake ya kwanza kwa ajili ya hospitali na maabara. Kwa miaka kadhaa Ubelgiji karibu ulikuwa peke yake katika biashara hiyo.

Radiumu ina tabia ya ajabu: atomu zake zinavunjika zenyewe. Katika miaka 1,600 nusu yake inakwisha. Gramu moja iliyotolewa Olen mwaka 1922 itabaki nusu gramu mwaka 3522. Hesabu hiyo ni imara, haibadiliki kwa joto wala kwa baridi. Lakini shika atomu moja tu na kuuliza: hii itavunjika lini? Hakuna anayeweza kukujibu. Yaweza kuvunjika kesho, yaweza kukaa miaka elfu kumi. Atomu mbili zilizo sawa kabisa, moja inavunjika leo, nyingine inabaki.

Tena kuna shida ya pili. Kipande kinachotoka katika kiini cha atomu hakina nguvu ya kutosha kuruka ukuta unaokifunga. Kinatokaje? Mwaka 1928 George Gamow, na pembeni yake Gurney na Condon huko Marekani, walijibu kwa elimu ya kwanta: kipande hicho ni wimbi pia, na wimbi halikomi ghafula mbele ya ukuta; sehemu ndogo sana yake inapenya hata upande wa pili. Wagenia wana mitego yao mikubwa iliyosukwa kwa fito, mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki aliyenaswa hana nguvu ya kuipasua. Tuwaze samaki anayegonga mtego mara zisizohesabika, na siku moja yuko nje, na hakuna ufito uliovunjika. Katika mto jambo hilo halitokei. Katika jiwe la Shinkolobwe latokea kila dakika.

Waseminari wanaosoma filosofia watauliza: je, basi, kuna tendo lisilo na sababu? Tusiende mbio. Sababu ipo: ni umbo la kiini, na ukuta wake, na sheria isiyobadilika. Kisichoamriwa na sheria hiyo ni saa ya tendo. Heisenberg mwenyewe, mwaka 1958, aliandika kwamba jambo hilo linafanana na lile Aristoteli aliloliita uwezo, yaani hali iliyo kati ya kuwa na kutokuwa, kabla uwezo haujawa tendo. Kulinganisha si kuthibitisha. Lakini yatuonyesha kwamba yale tunayosoma darasani si mavumbi tu.

IV. Viatu viwili

Mwaka 1935 Einstein alileta fumbo lingine. Chembe mbili zilizozaliwa pamoja zikitengana, hata kwa umbali mkubwa, ukipima moja unajua mara moja jibu la nyingine. Einstein alifikiri ni kama jozi ya viatu: kimoja kimetiwa katika sanduku la Bukavu, kingine katika sanduku la Kinshasa. Ukifungua lile la Bukavu na kukuta cha kushoto, unajua kwamba Kinshasa kuna cha kulia. Hakuna ajabu, viatu vilikuwa hivyo toka mwanzo.

Lakini mwaka 1964 John Bell wa Ireland ya Kaskazini aligundua namna ya kupima wazo hilo. Ikiwa kila chembe imebeba majibu yake tayari, na moja haiguswi na mambo ya nyingine iliyo mbali, basi kupatana kwa majibu yao hakuwezi kupita kipimo fulani. John Clauser alijaribu mwaka 1972, Alain Aspect huko Ufaransa mwaka 1982, Anton Zeilinger baadaye: kipimo kilipitwa. Watatu hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2022. Mfano wa viatu hautoshi.

Hapo ndipo watu wa uchawi wanapofurahi na kusema: mnaona, mtu aweza kumdhuru mwenzake aliye mbali! Tuwajibu bila hasira. Kadiri ya elimu ile ile wanayoitaja, kwa njia ya chembe hizo haiwezekani kutuma habari yoyote, hata neno moja, sembuse ugonjwa. Mtu wa Bukavu hachagui jibu atakalopata, analipokea tu. Mwenzake wa Kinshasa, akitazama majibu yake peke yake, haoni kitu. Kupatana kunaonekana tu wanapokutana na kulinganisha daftari zao. Anayemshitaki mama mzee kwa jina la kwanta anasema uongo mara mbili: juu ya yule mama, na juu ya elimu.

V. Mapadri wawili

Mwaka ule ule wa 1927, mjini Brussels, padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikutana na Einstein. Alikuwa amepewa upadri mwaka 1923, naye alikuwa ameandika kwamba ulimwengu unazidi kupanuka. Einstein aliisifu hesabu yake, akaikataa maana yake. Mwaka 1931 Lemaître aliendelea mbele: akitumia elimu ya kwanta, aliwaza kwamba ulimwengu wote ulianza kama atomu moja ya kwanza, iliyovunjika kwa namna ya radiumu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alisema maneno yaliyoonekana kuifanya elimu hiyo kuwa ushuhuda wa uumbaji. Lemaître hakupendezwa. Si kwamba hakusadiki. Alisadiki na kusali mpaka kufa kwake mwaka 1966. Lakini alijua kwamba hesabu yaweza kusahihishwa kesho, na imani iliyofungwa katika hesabu itaanguka pamoja nayo. Mwaka 1952, Papa aliposema na wataalamu wa nyota, hakurudia maneno yale.

Padri wa pili ni Monsinyori Luc Gillon, mtaalamu wa fizika ya kiini cha atomu. Alikuwa rekta wa Universite Lovanium, iliyofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954. Mwaka 1959 ikawashwa pale tanuru ya atomu, iitwayo TRICO, ya kwanza katika Afrika nzima, kwa ajili ya masomo na utafiti. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ilifuata mwaka 1972; ikasimamishwa mwaka 2004.

Kati ya Olen na Lovanium ilipita vita. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Watu waliolitoa jiwe hilo ardhini walikuwa Wakongomani. Hakuna aliyewaambia linakwenda wapi wala litafanya nini. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Baadaye wachimbaji wa mkono walirudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake ilianguka na kuwaua baadhi yao.

VI. Koltani

Je, habari hiyo imekwisha? Haijakwisha. Koltani ya Kivu inatoa tantalumu. Kila mtu anajua kwamba tantalumu inaingia katika simu. Wachache wanajua jambo la pili: ikipozwa mpaka karibu digri 269 chini ya sifuri, tantalumu inapitisha umeme bila kuuzuia hata kidogo. Tabia hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1911 katika zebaki, huko Leiden, na ni tabia ya kwanta: elektroni nyingi sana zinakwenda kama wimbi moja. Mwaka 2021 wataalamu wa Princeton, Marekani, walionyesha kwamba tantalumu inafaa sana kwa mashini mpya za kuhesabu zinazotumia kwanta.

Basi, kijana wa Rubaya anayechimba leo kwa koleo yuko mahali pale pale alipokuwa mchimbaji wa Shinkolobwe: mkononi ameshika kitu ambacho wengine wanajua maana yake, yeye hajui. Ujinga huo si wa lazima. Mji wetu una universite tangu mwaka 1963. Shule zetu za misioni zinafundisha fizika, mara nyingi kwa kitabu kimoja kwa darasa zima, na mwalimu anaruka sura ya atomu kwa kuwa hakuifahamu yeye mwenyewe.

Tunawaomba waseminari wasiidharau sura hiyo, wakidhani haifai kwa padri. Lemaître na Gillon waliisoma. Mapadri na makatekista, mkiulizwa kama kwanta inathibitisha Mungu, jibuni: hapana, wala haimkatai. Mkiulizwa kama inathibitisha uchawi, jibuni: hapana. Lakini mkiulizwa jiwe hili ni nini, linakwenda wapi, na nani anapata faida, msijibu hapana wala msinyamaze. Mfundisheni mtu kile alichoshika mkononi.