Shule mbili, jengo moja: namna madarasa yanavyogawanwa

Kugawana jengo la shule ni utaratibu ambao shule mbili, au makundi mawili ya wanafunzi, hutumia madarasa yale yale. Hufanyika kwa zamu, kundi moja likiingia asubuhi na jingine mchana, au kwa kugawa vyumba, kila shule ikiwa na mwalimu mkuu wake. Sababu kuu ni moja: watoto ni wengi kuliko madarasa.

Chanzo cha uhaba

Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, shule nyingi za umma zilifungwa. Nyingine ziliporwa au kukaliwa na waliokimbia vita. Pengo hilo lilizibwa na shule za kibinafsi na za jumuiya, nyingi zikitoza karo. Wabajuni wengi wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula walikimbilia Kenya. Tangu Desemba 2014, Umoja wa Mataifa ulipoanza kuwasaidia wakimbizi kurejea kwa hiari, Kismayu imepokea maelfu ya watu kutoka Dadaab, pamoja na waliohamishwa na vita na ukame. Wote wana watoto wanaohitaji madawati.

Kwingineko

Zanzibar imetumia zamu mbili kwa miaka mingi, na sasa serikali inajenga shule za ghorofa ili kuziondoa. Nchini Marekani, ambako sheria ya kwanza ya shule za mkataba ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, shule hizo huendeshwa kwa fedha za umma chini ya bodi zake zenyewe. Katika jiji la New York nyingi zimo ndani ya majengo ya shule za serikali, na mvutano juu ya kumbi na viwanja haujaisha.

Faida na gharama

Jengo lenye madarasa 8, kila darasa wanafunzi 45, hupokea watoto 360. Kwa zamu mbili hupokea 720. Lakini saa za masomo hupungua, vyoo na madawati huchakaa upesi, na zamu ya mchana hugongana na saa za chuo, ambako watoto husoma Kurani. Shule ya kulipia inapotumia jengo la umma, huzuka pia swali la nani alipie maji na ukarabati, na iwapo wasio na karo watapata nafasi. Mapatano ya maandishi yanayotaja saa, gharama na nafasi za wasiojiweza huepusha ugomvi.

Kwa visiwa, zamu pekee haitoshi. Mtoto wa Chovai hawezi kuvuka bahari kila siku kuwahi kengele ya Kismayu, hasa kusi inapovuma. Kwake, dawati lililo wazi mchana mjini halina faida pasipo mahali pa kulala, au mwalimu anayekaa kisiwani.