Kidonge cha Saa Nne

Mwaka 1817, daktari mmoja wa mtaa wa Hoxton, London, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 kuhusu watu wanaotetemeka. Aliitwa James Parkinson. Alikuwa mtu wa vurugu zake: mwaka 1794 alihojiwa mbele ya baraza la mfalme kuhusu njama ya kumuua George III, na kabla ya hapo alikuwa akiandika vijitabu vya siasa kwa jina la bandia. Lakini kijitabu cha 1817 ndicho kilichobaki.

Wagonjwa aliowaeleza ni 6 tu. Mmoja alikuwa mtunza bustani. Wawili alikutana nao barabarani, akawasimamisha na kuwauliza maswali. Kati yao mmoja alikuwa baharia aliyeamini ugonjwa wake ulitokana na kulala chini kwenye jela ya Uhispania. Mwingine hakuzungumza naye kabisa, alimwangalia kwa mbali tu akitembea. Kwa kutazama hivyo aliona karibu kila kitu: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mgongo unaoinama, hatua zinazogeuka mbio bila mtu kutaka, kijiko kisichofika mdomoni, na mwishoni koo linaloshindwa kumeza. Alisema pia kwamba akili hubaki timamu. Siku hizi tunajua si kwa wote, lakini kwa babu yangu Parkinson alikuwa sahihi kabisa.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, ndiye aliyependekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Alilikataa jina la zamani lililosema ni kupooza kwa kutetemeka. Hawa hawajapooza, alisema, na tena si wote wanaotetemeka. Wengine hukakamaa tu. Hilo la kutotetemeka naomba mlishike, nitalirudia.

Dawa nayo ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1913 mwanakemia Marcus Guggenheim alitoa levodopa kwenye maharagwe mapana huko Uswisi, akameza mwenyewe gramu mbili na nusu, akatapika vibaya. Levodopa hiyohiyo imo kwenye mbegu za upupu, ndiyo, upupu uleule wa kuwasha tuliorushiana shuleni. (Usiende kuzila.) Mwaka 1960, Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walichunguza bongo za waliokufa na ugonjwa huu wakakuta sehemu fulani imekaukiwa dopamini. Mwaka 1961 Hornykiewicz na Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka, wakatembea. Baada ya saa chache wakarudi walivyokuwa.

Aliyeifanya iwe dawa ya kweli ni George Cotzias, New York, 1967. Alianza na kiasi kidogo sana, akaongeza polepole, akingoja mwili uzoee. Baadaye ikachanganywa na kabidopa ili isiishie tumboni na kumtapisha mtu. Mchanganyiko huo uko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kwa hivyo hatuzungumzii kitu cha ajabu cha Ulaya. Ni kidonge, kinauzwa kemisti mjini.

Shida yake ni moja: hakikai. Hata kikiwa na kabidopa, nusu ya dawa huwa imeshatoka kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi. Mgonjwa wa miaka mingi huishi kwa saa kabisa. Babu alikuwa anameza saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni. Simu yake ndogo ya mulika mwizi ilikuwa na kengele nne. Ikilia saa 4 anameza, na ikifika saa 4 na nusu anavaa viatu mwenyewe na kutoka kwenda kubishana na wazee wenzake.

Alivunjika nyonga akapelekwa hospitali, sitaitaja. Dawa zake tulizomletea zilichukuliwa langoni mwa wodi, ati dawa za nyumbani haziruhusiwi. Huko wodini dawa hugawanywa asubuhi na jioni, trei inazunguka kitanda kwa kitanda, na ikikupita imekupita. Nilimwambia nesi, "Sista, yeye yake ni ya saa nne." Akanijibu kwa upole tu, "Kila mtu hapa ana yake." Daktari mwanafunzi, mtu wa umri wangu, alitazama faili na kuuliza, "Mbona hatetemeki?" Siku hiyo sikuwa nimesikia habari za Charcot. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, tena nilikuwa nasomea biashara. Ningejibu nini?

Siku ya tatu babu alikuwa gogo. Sahani ya ugali ilikuwa ikiwekwa mbele yake na kuondolewa ilivyo, wakaandika kwamba anakataa kula. Akatapika, wakamdunga metoklopramidi, dawa ya kawaida ya kutapika, ambayo huzuia dopamini ileile kidogo aliyobaki nayo. Imeandikwa kwenye vitabu vyao kwamba mgonjwa wa Parkinson asipewe. Walimzungumzia juu ya kichwa chake kama mtu aliyepotewa na akili. Alikuwa anasikia yote. Macho yalikuwa yananifuata. Siku ya tisa, homa ya mapafu. Chakula walichomlisha kwa nguvu kilishukia huko. Cheti cha kifo hakitaji saa nne.

Nimejaribu kuwaonea huruma, na kwa kiasi fulani naweza. Nesi mmoja usiku, wagonjwa wamelala wawili wawili. Na ugonjwa wenyewe huku kwetu umekaa gizani: kwenye wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakachapisha matokeo 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Lakini babu yangu alikuwa ameambiwa. Alikuwa na kadi ya kliniki, dawa na kengele. Na hata Uingereza, kwa Parkinson mwenyewe, chama cha wagonjwa kimelazimika kufanya kampeni tangu 2006 kuzisihi hospitali zitoe dawa kwa wakati.

Mama mmoja wa ploti yetu ana ugonjwa huu. Juzi tulimwandikia kwenye kipande cha katoni, kwa kalamu nene: dawa zake, saa zake, sindano asizopaswa kudungwa. Ana wasiwasi wataitupa, kwa hivyo binti yake ameandika nyingine, ataivaa shingoni.