Kabla ya chalenji za TikTok, Usukumani ngoma ilikuwa darasa

Ukipita Samuye, Shinyanga, ukasikia ngoma, usidhani ni burudani tu. Kwa Wasukuma, ngoma ilikuwa shule kabisa.

Chukua Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Kijana hakupewa chatu siku ya kwanza! Alijiunga, akafundishwa kutambua nyoka wa sumu, namna ya kumshika, na dawa za mtu aliyegongwa. Mkulima akigongwa shambani, aliwakimbilia haohao. (Siku hizi wahi hospitali, tafadhali.)

Bugobogobo nayo ni ngoma ya jembe. Mdundo mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja: pumzi inaenda sawa, uchovu husikii, na jirani hakukati mguu.

Karne ya 19 yakaibuka makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu. Upinzani wao bado unajaza uwanja kwenye sikukuu ya Bulabo, Bujora, Mwanza.

Sisi je? Tunakopi staili kwenye video bila hata kupasha mwili, kesho goti limevimba. Wazee walianza na mwalimu, uwanja ukafuata. Una babu aliyecheza? Mfuate mapema, hajaondoka na somo lake.