Kasri la Mtoni
Kasri la Mtoni (pia: Bet il Mtoni) ni magofu ya jumba la kifalme kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, Tanzania, kilomita chache kaskazini kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lilikuwa makazi ya shamba ya Sultani Said bin Sultan, aliyegawa wiki yake kati ya hapo na Bet il Sahel, jumba lake la mjini. Jina limetokana na kijito kinachoingia baharini mahali hapo.

Habari nyingi za maisha ya humo zimetoka kwa binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza ua mkubwa walimozurura tausi, mbuni na paa, mabafu, na roshani ya mviringo inayotazama bahari, ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko peke yake. Mkuu wa nyumba alikuwa Azza binti Seif, mke halali wa Sultani. Wengine walikuwa masuria, watoto, na watumwa wengi waliofanya kazi. Hao wa mwisho hawakuacha maandishi, hivyo jumba linajulikana zaidi kwa macho ya binti wa mfalme.

Said alifariki mwaka 1856. Salme alipozuru Zanzibar mwaka 1885, akitokea Ujerumani, alikuta nyumba aliyozaliwa imechakaa na kubomoka. Moto wa mwaka 1914 uliteketeza sehemu kubwa ya kilichobaki.